Nani Atafungua Geti?

Kwa watu wengi ninaowajua, mtu aliye nyumbani hana kazi. Hawasemi hivyo wazi, lakini simu zao zinasema. "Uko wapi?" "Niko kwa nyumba." "Poa, basi kuna mtu wa boda anakuja hapo na mzigo wangu, umpokelee." Hakuna aliyeuliza unafanya nini. Kuwa nyumbani ni jibu tosha: unapatikana. Ukiwa ofisini mjini, hata kama unacheza karata kwa kompyuta, hakuna atakayekutuma sokoni. Ukiwa nyumbani unaandika kitu kinachotakiwa Boston kabla ya saa sita usiku, wewe ndiwe mlinzi, karani wa mizigo na mwangalizi wa maharagwe.

Mimi huishi kwa kazi za mtandaoni. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nimekuwa nikiandika makala ya kulipwa kwa neno na kunakili mahojiano ya Wamarekani ambao sitawahi kukutana nao. New York iko nyuma yetu kwa saa saba au nane, kutegemea majira yao, kwa hivyo kazi yangu hukolea wakati majirani wanawasha redio na kukaanga vitunguu. Mamangu bado huwaambia wenzake wa chama kwamba natafuta kazi. Simbishii. Kueleza kunachosha kuliko kunakili.

Basi shangazi yangu na mume wake, ambaye sote tunamwita Anko, walipoanza kujenga Kitengela, niliitwa kushauri kuhusu chumba kimoja tu: ofisi. Ploti ni ile ya futi 50 kwa 100 ambayo Nairobi nzima inaijua, na udongo wake ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, kwa hivyo pesa nyingi ziliingia chini kabla jiwe moja halijaonekana juu. Kwenye ramani, ofisi ilikuwa kisanduku cha mita 3 kwa 2.7 kando ya mlango wa mbele. Anko ni mtu wa bima. Tangu 2020 hufanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, na katika nyumba ya kupanga walimo sasa, mikutano yake huendeshwa akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati la kazini juu, kaptura chini. Alitaka ofisi tangu mstari wa kwanza wa ramani. Jikoni palibadilishwa mara tatu. Ofisi haikuguswa.

Nianze na niliyowaambia, kwa sababu najua kuna anayesoma hapa ambaye atajenga siku moja. Sisi wa bedsita ndio hujenga sana, vichwani.

Kwanza, jua. Huku tuko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo jua halichezi kama lile la Ulaya. Linachomoza mashariki, linapita karibu utosini, linazama magharibi, na tofauti ya Juni na Desemba si kubwa. Dirisha linalotazama magharibi litakuunguza kuanzia saa tisa alasiri, na utaishia kubandika gazeti kwenye kioo. La mashariki litakupofusha asubuhi. Dirisha la ofisi litazame kaskazini au kusini, na meza iwekwe ubavuni mwa dirisha: ukilipa mgongo, mwanga unapiga skrini, ukilitazama, watu wa mkutanoni wanaona kivuli chenye sauti.

Pili, nyaya. Mabomba ya kupitishia waya wa intaneti na stima yaingie ukutani kabla ya plasta, maana baada ya plasta kila wazo jipya ni nyundo na vumbi. Soketi moja kwa chumba ni mzaha. Weka nne.

Tatu, na hapa ndipo nilipokaa sana, sauti. Nyumba zetu nyingi za mawe huwa na siri moja ambayo hugunduliwa ukishahamia: kuta za ndani huishia kwenye mkanda wa zege juu ya madirisha, halafu juu yake kuna dari nyembamba tu, halafu nafasi tupu chini ya mabati. Sauti haihangaiki na jiwe. Inapanda, inapita juu ya dari, inashukia chumba cha pili. Ndiyo maana katika nyumba ya milioni nyingi unaweza kusikia mtu akipiga mswaki vyumba viwili mbali. Ukitaka chumba kimya, mwambie fundi aendeleze ukuta wa chumba hicho mpaka ukutane na mabati, na uweke mlango wa mbao nzito, si ule wenye uwazi ndani, ambao kwa kweli ni ngoma iliyosimamishwa.

Anko aliandika yote. Aliuliza bei ya mlango mzito. Shangazi alikuwa amesimama pale ambapo patakuwa sebule, amekunja mikono, akauliza swali moja: "Sasa akifunga huo mlango, na geti ligongwe, nani atafungua?"

Anko alicheka. Mimi nimebaki na swali hilo kwa wiki kadhaa, na naona ndilo swali la kimaadili la ofisi ya nyumbani. Mengine ni ya fundi.

Fikiria unachonunua unapojenga chumba kama hicho. Huwezi kusema ni meza, maana meza zipo. Hata kimya chenyewe si lengo. Kimya ni dalili tu. Unanunua ile sauti ya simu ambayo sote tunaijua: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Unanunua kutopatikana. Tofauti ni kwamba kwa simu, mtu asipopatikana, mpigaji hukata na kwenda zake. Nyumba haifanyi hivyo. Ndani ya nyumba, kila mwito ambao mmoja hakuuitikia unahamishiwa kwa mwingine. Mtoto aliyeanguka bado ameanguka. Maziwa bado yanachemka. Mtu wa maji bado anapiga honi nje. Mlango wa ofisi hauondoi haya, unayageuza njia tu. Na mara nyingi ukifuata hiyo njia utamkuta mtu yuleyule mwishoni mwake.

Kwa shangazi yangu, mtu huyo ni yeye, na hapa sharti niseme yeye hufanya nini. Anashona. Sare za shule hasa, na vitenge vya harusi katikati ya mihula. Amekuwa akishona kwenye meza ya kulia chakula tangu nikiwa shule ya msingi. Kuanzia Novemba mpaka Januari hatuli mezani pale, tunakula tumepakata sahani, maana meza imejaa kola na mikanda. Msingi wa nyumba ya Kitengela, ule uliomezwa na udongo mweusi, ulilipwa na sare hizo. Hii si siri ya familia, Anko mwenyewe huisema kwa fahari wageni wakija. Lakini ramani ilipochorwa, mwenye kazi ya nyumbani siku mbili alipata chumba, na mwenye kazi ya nyumbani siku saba akapata tena meza ya kulia chakula. Hakuna aliyemnyima. Hakuna aliyefikiria. Nadhani hata mchoraji angeshangaa kuulizwa: kazi yake ina kompyuta kweli?

Kuna insha maarufu ya Virginia Woolf kuhusu jambo hili, ya mwaka 1929, iliyotokana na mihadhara aliyowapa wanafunzi wa kike Cambridge mwaka uliotangulia. Hoja yake ni kwamba mwanamke akitaka kuandika anahitaji chumba chake mwenyewe na pauni 500 kwa mwaka. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa bado chuoni na nilipiga mistari chini ya kila sentensi. (Pesa zenyewe, katika insha, msimulizi anarithi kutoka kwa shangazi. Kila mahali ni shangazi.) Na bado naamini nusu kubwa ya hoja hiyo. Lakini baadaye nilijua kwamba Woolf alikuwa na mpishi, Nellie Boxall, aliyeitumikia nyumba yake tangu 1916 mpaka 1934, na kwamba wawili hao waligombana miaka yote hiyo. Kwa maneno mengine, insha kuhusu chumba chenye mlango iliandikwa katika nyumba ambamo kulikuwa na mtu mwingine wa kuitika mlango. Simtoi Woolf makosa kwa kula chakula. Nasema tu kwamba hesabu ya pauni 500 haikumtaja Nellie, na bila Nellie hesabu haifungi.

Wala usidhani hili ni jambo la Wazungu. Nenda Lamu, uingie katika nyumba ya zamani ya mawe. Kabla hujafika ndani kuna daka, kiingilio kilichofunikwa chenye baraza za mawe pande mbili. Hapo mwenye nyumba alipokea wageni na kuzungumza biashara, na mgeni angeweza kuja, kunywa kahawa, kupatana bei na kuondoka bila kuona hata kivuli cha wenyeji wengine. Njia ya kuingia imepindwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike uani. Kwa hivyo swali la kutenganisha kazi na nyumba tumelijibu kitambo, kwa chokaa na matumbawe. Na lile ua la katikati wanaliita kiwanda, neno ambalo sisi wa bara tunalijua kwa moshi na saa za zamu. Napenda sana kwamba neno moja linabeba uwanja wa nyumba na mahali pa kazi. Lakini nyumba hizo za matajiri ziliendeshwa kwa kazi ya watumwa. Faragha ya ndani ililindwa na watu ambao wenyewe hawakuwa na faragha yoyote.

Sasa ukitoka Lamu urudi Kitengela utaona mambo ni madogo zaidi, na hakuna mtumwa. Kuna dada wa kazi. Ramani ina chumba chake nyuma, karibu na tangi la maji, kidogo kuliko ofisi. Ana miaka ishirini na miwili, yaani ni mdogo wangu kidogo tu, na anajifunza ususi kwa video za simu usiku, sauti ikiwa chini. Nilipomuuliza Anko geti litafunguliwa na nani, jibu lake lilikuwa la haraka: "Si dada yuko? Na analipwa." Analipwa, kweli, na kwa wakati, kuliko ninavyolipwa mimi na watu wa Boston. Lakini mshahara hununua saa fulani za mtu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na haisemi isipokuwa anayelala uani. Mtu anayelala kazini ana shida kama yangu, ila mara kumi: yuko nyumbani, basi anapatikana. Mlango wake unafungika. Nani hugonga kabla ya kuita?

Nimesikia watu wakisema suluhisho ni rahisi, kila mtu apewe chumba. Ploti ya 50 kwa 100 haikubali, mfuko pia haukubali. Na hata ingewezekana, chumba peke yake hakimpi mtu kitu. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa amefungwa Kamiti, baada ya kijitabu chake cha 1968 kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Aliyaandika kwenye karatasi za choo, na yakatoka kitabu mwaka 1973. Alikuwa na chumba, na hakuna aliyemtuma sokoni. Ufunguo ulikuwa nje tu. Sitaki kulinganisha jela na bedsita, naelekeza kidole kwenye ufunguo.

Bedsita yangu, kwa mfano, ni ofisi kamili kwa vipimo vya Anko. Nikifunga mlango hakuna wa kunigongea. Kitanda, meko, meza, yote ndani ya hatua nne. Kutopatikana kwangu hakumgharimu mtu yeyote, maana hakuna mtu. Wiki nyingine naandika maneno elfu kumi na kusema mawili, "tokeni ngapi?" kwa jamaa wa dukani. Ndiyo maana simwonei Anko wivu kwa chumba chake. Namwonea wivu kwamba akikifunga, kuna watu upande wa pili.

Na yeye ana hoja, tusimfanye shetani. Aliniambia, kwa upole, kwamba mkutano mmoja aliokosa kwa sababu ya kelele ulimfanya aonekane mtu asiye makini, na mkopo wa nyumba unalipwa na mtu anayeonekana makini. Mlango ukifungwa, nyumba nzima inakula kutokana na huo mlango. Ni kweli. Ila ni kweli pia kwa cherehani, na kwa hivyo nilipendekeza kitu ambacho nilidhani ni haki tupu: ofisi iwe ya wote wawili, ufunguo utundikwe kwenye korido, anayeuhitaji achukue. Anko akasema ofisi ya kila mtu huishia kuwa stoo. Ukitazama nyumba za watu, ana haki ya kuogopa hilo. Kuna vyumba vingi vya kusomea nchini humu ambamo kitu pekee kinachosomwa ni maandishi kwenye magunia ya mahindi.

Ila aliyenishangaza ni shangazi. Hakukitaka chumba. "Nijifungie humo, joto, peke yangu, wateja wanitafute wapi?" Anataka kusikia nyumba anaposhona. Anataka veranda ya mbele iongezwe mita moja na nusu, iwe na soketi mbili, meza ya kukatia kitambaa na kabati lenye kufuli, ili mteja akae kwenye benchi, ajaribiwe sketi, aondoke bila kupita sebuleni. Hajawahi kufika Lamu. Alikuwa anachora daka.

Nikamwambia lakini hapo nje ndipo utaitwa zaidi. Akaniangalia kama mtu anayeeleza jambo kwa mtoto. "Chumba nitafanyia nini kama kila dakika tano naitwa? Unipe saa tatu nisiitwe. Hata nishonee chini ya mti."

Saa tatu nisiitwe. Hakuna mchoraji anayejua kuchora hilo. Ramani inaonyesha mita, milango na upande ambao kila mlango unafungukia, lakini haina mahali pa kuandika kwamba kuanzia saa nne mpaka saa saba asubuhi hii, anayeitwa ni Anko. Kwamba Jumanne na Alhamisi mlango mzito umefungwa na shangazi ndiye anayeitwa. Kwamba usiku kuanzia saa mbili dada haitwi na yeyote, hata chumvi ikiisha. Na bado naona hayo yangepaswa kuandikwa kwanza, kabla ya kununua lori moja la mawe, kwa sababu yakishaandikwa ndipo utajua ni ukuta gani upande mpaka kwenye mabati na ni upi uachwe chini ili mtu asikie mtoto. Unene wa ukuta ni uamuzi kuhusu nani asumbuliwe. Tukiuacha kwa fundi, fundi atajenga kama nyumba ya mwisho aliyojenga.

Niliandika ratiba hiyo kwa karatasi ya kitabu, upande wa nyuma wa hesabu za saruji. Anko aliisoma mara mbili. Zile saa tatu alizikubali baada ya kuzipunguza ziwe mbili na nusu, wakazozana kidogo, zikarudi tatu. Veranda imeongezwa, na imekula nafasi ya maua, jambo ambalo hakuna aliyelilia. Saa mbili ya dada ndiyo iliyoleta kimya. Shangazi, ambaye alikuwa upande wangu mpaka hapo, alisema, "Hiyo tutaangalia." Mwenyewe hakuwepo, alikuwa amebaki na watoto.

Ukuta wa ofisi sasa umefika usawa wa madirisha. Fundi anauliza auishie wapi, na amesema Jumatatu anaendelea, awe amejibiwa au la.